Fildi ya uhusiano wa umma: anzia pale wateja wanapolalamika

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, nasoma shahada ya uhusiano wa umma na matangazo. Nimepangiwa fildi ya wiki nane kwenye kitengo cha mawasiliano na uhusiano cha mamlaka ya maji, katika mji mmoja wa mikoani. Mwishoni mwa wiki hii namaliza wiki ya pili, mwezi Julai ndio unaisha. Mpaka sasa natoa fotokopi, nabeba begi la kamera, napanga viti na maji ya chupa kwenye mikutano. Msimamizi wangu si mtu mbaya, ila yuko bize muda wote. Wenzangu walio kwenye mabenki na kampuni za simu wananitumia picha za matukio makubwa, mimi najiona nimepotea. Nifanyeje ili wiki sita zilizobaki zinisaidie, na nipate kitu cha kuonyesha nikianza kutafuta kazi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hujapotea hata kidogo. Ningeambiwa nimchagulie mwanafunzi wa uhusiano mahali pa kwenda fildi, ningempeleka mamlaka ya maji kabla ya benki na kabla ya kampuni ya simu. Kwenye kampuni kubwa sehemu nzuri ya kazi za mawasiliano hupewa wakala wa nje, na mwanafunzi huishia kuona siku ya uzinduzi: fulana, maputo, mgeni rasmi, picha ya pamoja. Huko uliko wewe kila nyumba mjini ina la kusema kuhusu ofisi yako, na inalisema kila siku. Bomba kuu likipasuka usiku, kufika saa moja asubuhi mji mzima unamtaja meneja wako kwa jina. Hiyo ndiyo kazi ya uhusiano yenyewe, nawe umekaa karibu nayo kuliko wenzako wote.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine nitakayoandika yanatokana nao: omba kukaa kwenye dawati la huduma kwa wateja. Siku moja ya kutembelea haitoshi. Omba wiki nzima, asubuhi kila siku, mchana urudi kitengoni. Taasisi zetu zina watu wengi wa kusema na wachache wa kusikia. Yupo anayeandika taarifa kwa vyombo vya habari, yupo anayepiga picha, yupo anayerusha video Instagram, yupo anayeandaa hotuba. Uliza ni nani aliyepewa kazi ya kukusanya wanachosema wateja, akakipanga, akakifikisha kwa wakubwa kikiwa kinaeleweka. Mara nyingi utakuta hakuna. Mwanafunzi hawezi kuwa msemaji wa taasisi, wala hapaswi kujaribu. Kusikiliza kwa niaba yake anaweza, na atafanya kazi ambayo ofisi ilikuwa inaihitaji bila kuwa na mtu wa kuifanya.

Darasani bila shaka mmesoma mgawanyo wa James Grunig na Todd Hunt wa mwaka 1984, ule wa aina nne za uhusiano wa umma: kutafuta kutajwatajwa tu, kutoa taarifa za upande mmoja, kushawishi kwa kutumia utafiti, na mazungumzo ya pande mbili ambamo taasisi nayo hukubali kubadilika. Wengi huukariri kwa ajili ya mtihani, basi. Kaa kaunta siku tatu utauona kwa macho. Mama anaingia na bili mkononi, anaeleza shida yake. Ama maneno yake yanafika mahali na kubadilisha jambo, ama yanaishia palepale kaunta. Aina ya nne inaanzia hapo au inafia hapo.

Sasa namna ya kuomba. Msimamizi mwenye shughuli nyingi hachukii wanafunzi. Anachokwepa ni mwanafunzi wa kufikiriwa kazi. Ukimwendea na "naomba nipatie kazi ya kufanya" umemwongezea mzigo. Mwendee asubuhi kabla simu hazijaanza, ukiwa na pendekezo lililokamilika: "Shikamoo bosi. Naomba kuanzia Jumatatu niwe nakaa huduma kwa wateja hadi saa sita mchana, niandike malalamiko yanayojirudia. Ijumaa nitakuletea ukurasa mmoja. Mchana nitakuwa hapa kwa kazi zote za ofisi." Ombi kama hilo linajibiwa kwa neno moja. Baada ya hapo nenda mwenyewe kwa mkuu wa dawati, ujitambulishe. Usipofanya hivyo wahudumu watadhani umetumwa kuwachunguza, na watu wanaochunguzwa hawafundishi mtu kitu. Waambie wazi kwamba hutaandika jina la mhudumu yeyote, na ahadi hiyo uitunze hata bosi akikuuliza.

Daftari la kawaida linatosha. Kwa kila lalamiko andika mtaa, siku na saa, alichosema mteja kwa maneno yake mwenyewe, jibu alilopewa, na kama aliondoka ameelewa. Majina, namba za simu na namba za akaunti usiandike. Huzihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazilinda. Maneno ya mteja ndiyo ya kushika. Mfumo wa ofisi utaandika "malalamiko ya ankara", wakati mteja amesema "mnanitoza hewa". Ukinakili la mfumo, umepoteza kile hasa kinachomuuma.

Hilo la hewa utalisikia mapema sana, kwa hiyo jiandae nalo. Usikimbilie kumwona mteja mwongo. Mahali penye mgao, maji yanaporudi husukuma mbele hewa iliyojaa bombani, na hewa hiyo inaweza kuzungusha baadhi ya dira, yaani mita za maji. Lakini bili kubwa ina sababu nyingine nyingi: tangi la choo linalovuja kimyakimya, bomba lililotoboka chini ya ardhi baada ya dira, au msoma dira aliyekuta geti limefungwa akakadiria, kisha mwezi uliofuata usomaji halisi ukaja na deni lote kwa mkupuo. Kila sababu ina jibu lake, na majibu hayo hayako kitengo cha uhusiano. Yako karakana ya dira. Nenda ukaombe fundi akufungulie dira moja uone ndani. Omba kutembea na wasoma dira asubuhi moja, kisha na mafundi wa zamu siku nyingine, uone maji yanavyotoka kwenye chanzo, yanavyochujwa, yanavyopandishwa tangini na kushuka mitaani. Uliza kuhusu upotevu wa maji, maana huko ndani ndiko zinakokaa hasara kubwa za mamlaka: mivujo, wizi, dira mbovu. Afisa uhusiano asiyejua maji yanapita wapi huandika majibu ya jumla jumla, na wateja wanayatambua mara moja.

Jifunze pia kugeuza takwimu za ofisi ziwe vitu vya nyumbani. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mteja anayeambiwa ametumia uniti 14 hana pa kuzilinganisha. Mwambie ni ndoo 700 kwa mwezi, kama 23 kwa siku. Hapo ataanza kuhesabu mwenyewe: tuko sita, tunafua Jumamosi, kuna bustani ya mchicha. Au ataruka aseme haiwezekani kabisa, na hapo wote wawili mmejua kwamba kuna mvujo wa kutafutwa. Mazungumzo yamebadilika, na hakuna aliyedanganywa wala kunyamazishwa.

Ijumaa andika ukurasa wako. Malalamiko matatu yanayojirudia yanatosha: yanatoka mitaa gani, wateja wanasemaje, na jambo moja dogo ambalo kitengo chenu kinaweza kulifanya bila kusubiri bajeti. Usilaumu idara yoyote. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji hupona vizuri zaidi mgeni asipomtangazia majirani ugonjwa wake. Bosi asipousoma ukurasa wa kwanza, peleka wa pili Ijumaa inayofuata bila kununa.

Hapa sasa nitakaa kidogo, kwa sababu nalijali jambo hili kuliko yote katika fani yetu: tangazo la kukosekana kwa maji. Chukua matangazo ya hivi karibuni ya ofisi yako uyasome kwa macho ya mama ntilie. Bila shaka utakuta la namna hii: "Mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake wote kuwa kutakuwa na upungufu wa huduma ya maji katika baadhi ya maeneo kutokana na matengenezo ya miundombinu yaliyo nje ya uwezo wetu. Mamlaka inaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Mama ntilie akimaliza kusoma hapo bado hajui kama mtaa wake umo. Hajui ni leo au kesho, asubuhi au usiku, ajaze ndoo ngapi, na ikipita siku ya pili ampigie nani. Tangazo limetoka, kumbukumbu za ofisi zinaonyesha umma umetaarifiwa, na hakuna aliyetaarifiwa. Jaribu kuliandika upya. Tuseme mitaa ni Sokoni, Kanisani na Mlimani:

"Maji hayatatoka Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, mitaa ya Sokoni, Kanisani na Mlimani. Mafundi wanabadilisha valvu ya bomba kuu linaloshuka kutoka tangini. Tafadhali jaza maji Jumanne jioni. Yakianza kurudi, Mlimani yatafika mwisho kwa sababu ni juu. Yanaweza kuwa na rangi kwa muda. Acha yatiririke mpaka yatakate ndipo uyatumie. Ikifika saa 3 usiku bado hujapata, piga simu namba hii. Tunaomba radhi kwa usumbufu huu."

Kuliandika ni dakika kumi. Kupata yaliyomo ndiko kazi ilipo. Itabidi umfuate mhandisi umuulize ni valvu ipi inafungwa, maana valvu ndiyo inayoamua mitaa. Muulize mitaa ya mwinuko itapata maji saa ngapi baada ya mitaa ya bondeni, kwa sababu walio juu hupata mwisho, na tangazo likitaja saa moja kwa wote, walio juu wataona wamedanganywa. Akikwambia kazi itaisha saa tisa, muulize nini kinaweza kuichelewesha, kisha kubaliana naye saa ambayo haitamwaibisha. Mwandalie pia tangazo la pili, fupi, la kutoka endapo muda utapita. Ofisi nyingi hutangaza kukatika, kisha hunyamaza kazi inapochelewa, na hasira yote ya wateja huzaliwa katika ukimya huo.

Weka tarehe kamili na mwaka ndani ya maandishi, maana tangazo la zamani huzunguka WhatsApp miezi mingi baadaye likazua taharuki. Usiliache likiwa ndani ya picha tu: mwenye bando dogo haifungui, na mtangazaji wa redio ya mji wenu anahitaji maneno anayoweza kuyasoma hewani kama yalivyo. Rasimu yako usiirushe popote. Ichapishe, iweke mezani kwa msimamizi kando ya lile la zamani, useme tu, "Nimejaribu hili, naomba unisahihishie." Atakusahihisha kweli, na masahihisho yake ya kalamu nyekundu ndiyo masomo uliyokwenda kuyatafuta.

Naandika haya nikijua wanafunzi wengi wa uhusiano siku hizi hukimbilia kwanza programu za kutengeneza mabango. Si vibaya kuzijua, na utazijua kwa wikiendi mbili. Kiswahili kinachoeleweka na mtu mwenye ndoo mkononi huchukua miaka, na soko la ajira lina watu wachache sana wanaokiweza.

Turudi kwenye fotokopi unazolalamikia. Kabla ya kuitia karatasi mashineni, isome, kama si ya siri. Ombi la kibali, barua kwa mkuu wa mkoa, mwaliko wa mgeni rasmi, majibu kwa diwani aliyelalamika: kila moja ina namna yake, nani anaandikiwa kwa cheo gani, nakala inakwenda kwa nani, sauti inapanda wapi na kushuka wapi. Watu wa masjala wanajua historia ya taasisi kuliko mtu yeyote jengoni. Wasalimie, kaa nao, uliza kama mwanafunzi anaruhusiwa kuona mafaili ya taarifa za zamani kwa vyombo vya habari. Utaona ofisi ilisema nini mara ya mwisho bei zilipopanda, wananchi walijibu nini, na yale waliyoahidi yaliishia wapi. Ukiwa huko soma pia mkataba wa huduma kwa mteja wa taasisi yako, na uliza EWURA, ambayo ndiyo inayodhibiti huduma za maji, inawapima kwa vigezo gani. Utashangaa jinsi maofisa wengi hawajausoma mkataba ambao mteja anaweza kuwashikia.

Begi la kamera nalo lina kazi. Wakati afisa anapiga picha, wewe shika kalamu: nani ni nani, kutoka kushoto, cheo kamili, herufi za jina zikoje. Maelezo ya picha yenye cheo kilichokosewa yanaweza kuharibu mwezi mzima wa uhusiano mwema. Na ukae karibu na anayeshughulikia itifaki, ujue kwa nini fulani anatambulishwa kabla ya fulani na nani hukaa meza kuu. Haya huwezi kuyapata darasani.

Kuhusu waandishi wa habari. Mikoani wengi wao hujitegemea: hulipwa kwa habari iliyotumika, si kwa mwezi. Lijue hilo utaelewa kwa nini wanauliza mapema kama kuna usafiri. Chukua muda kujua nani anaandikia gazeti lipi, redio ipi ya mji wenu ina kipindi cha asubuhi kinachosikilizwa sana, klabu ya waandishi ya mkoa iko wapi. Unapowaita, waambie habari ni nini kabla ya kuwaambia mgeni rasmi ni nani. Wakiuliza swali usilolijua, waambie utamtafuta mhusika, kisha kweli umtafute. Mwandishi hukumbuka miaka mingi mwanafunzi aliyempigia kabla gazeti halijafunga kurasa.

Utakutana pia na bahasha. Baada ya mkutano utaona karatasi ya kusaini na fedha zikigawiwa, wengine wanaita nauli, wengine mshiko. Mimi naamini kwa dhati kwamba desturi hii inaidhuru fani yetu kwa pande zote mbili. Habari iliyolipiwa haina uzito hata ikiwa ya kweli, na siku taasisi haina fedha haina sauti. Gharama halisi ya safari, iliyoandikwa na kuidhinishwa, ni jambo jingine. Wewe huna mamlaka ya kubadilisha desturi hiyo fildi, wala usijifanye mwalimu wa wakubwa. Lakini usikubali kuwa mkono unaogawa. Ukiombwa, sema kwa adabu kwamba kama mwanafunzi huruhusiwi kushika fedha za ofisi. Sababu hiyo ni ya kweli na haimvunjii mtu heshima.

Ikitokea bomba kuu likapasuka ukiwa hapo, usijifiche. Chukua daftari uandike mfululizo wa saa: saa ngapi taarifa iliingia, nani aliijua, saa ngapi fundi alifika, saa ngapi umma uliambiwa na uliambiwa nini. Katika purukushani hakuna anayeandika hayo, na kesho yake kila mtu atayahitaji. Oktoba 1906 treni ilipotumbukia kutoka darajani Atlantic City, Marekani, na kuua watu zaidi ya 50, Ivy Lee aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad aliwapa waandishi maelezo ya tukio mapema, na New York Times likayachapisha. Mpaka leo tukio hilo hutajwa katika mafunzo ya taarifa kwa vyombo vya habari. Alichoweza kufanya Lee kilitegemea kitu kimoja ambacho hata wewe unaweza kukiandaa: ukweli wa tukio uliokusanywa kabla uvumi haujaufikia.

Umeandika mwishoni mwa Julai, kwa hiyo Nanenane, maonyesho ya wakulima ya mwezi Agosti, inakukaribia. Kama taasisi yako ina banda kwenye viwanja vya kanda yenu, John Mwakangale Mbeya, Themi Arusha, Nzuguni Dodoma au popote ulipo, omba kwenda. Kazi ya kugawa vipeperushi ifanye, lakini simama mbele ya meza, si nyuma yake, na daftari lako lile lile. Wanakuja pale watu ambao hawajawahi kuingia ofisini kwenu: mkulima anayetaka kujua ni lini bomba litafika kijijini, mpangaji ambaye mwenye nyumba humtoza maji kwa bei anayoijua mwenyewe. Maswali ya siku moja ya Nanenane yanaweza kujaza ukurasa wako wa Ijumaa mara mbili.

Yapo ya kujilinda nayo. Picha ya ofisini usiiweke kwenye status kabla haijatoka rasmi, hata kama ni ya keki ya kumuaga mfanyakazi. Watu wa mtaani wakijua unafanya kazi huko watakuuliza lini maji yatatoka. Wape namba ya huduma kwa wateja, kwa sababu neno lako litasambaa kuwa neno la mamlaka. Mtu akija na barua ya kuomba nyaraka za taasisi, usimjibu "haiwezekani" kwa kubahatisha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba, na ofisi ina siku zisizozidi 30 kumjibu. Barua hiyo ifikishe inakotakiwa siku hiyohiyo.

Na hili nakuandikia kama dada yako. Katika ofisi yoyote anaweza kutokea mtu atakayekuambia kwamba alama za fildi, barua nzuri au kazi ya baadaye inapitia chumbani kwake. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Si tatizo lako la kulibeba kimyakimya. Hifadhi ujumbe aliokutumia, andika tarehe na maneno, mwambie msimamizi wako wa chuo mapema, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Kubadilishiwa kituo katikati ya fildi kunawezekana, na chuo kinachojali wanafunzi wake hufanya hivyo. Hakuna alama inayostahili kulipwa kwa namna hiyo.

Sasa kitu cha kuonyesha. Kitabu chako cha kumbukumbu za kila siku usikijaze "nilisaidia kazi za ofisi". Andika kilichofanyika na ulichojifunza: "Nimeandika upya tangazo la kukatika maji, msimamizi amenisahihisha muda na mitaa." Msimamizi wa chuo akija kukukagua atakuwa na la kuzungumza nawe. Weka jalada la kazi zako kwa ruhusa ya ofisi: tangazo la kabla na la baada, kurasa za Ijumaa zikiwa zimeondolewa chochote cha siri, picha mbili tatu ulizoziandikia maelezo, habari ya redioni iliyotokana na taarifa uliyoisaidia kuiandika. Vitu vitano vilivyokamilika vinatosha. Ukimaliza shahada utakutana na usaili wa Sekretarieti ya Ajira, au utaomba nafasi za utarajali zinazoratibiwa na TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, na kote huko utaulizwa umewahi kufanya nini. Waombaji wengi watajibu kwamba walishiriki kuandaa matukio. Wewe utafungua jalada, uwaonyeshe tangazo moja katika sura mbili, na kueleza kwa nini la pili liliutaja mtaa wa mwinuko kwa kuutenga na mingine.

Barua ya mapendekezo iombe wiki moja kabla ya kuondoka, si siku ya mwisho. Mwombe msimamizi ataje kazi ulizozifanya, maana "ana nidhamu na anajituma" huandikwa kwa kila mwanafunzi. Mwandalie orodha fupi ili isimchukue muda. Ripoti yako ikishapita chuoni, mtumie nakala yeye na mkuu wa dawati la wateja pia, pamoja na salamu. Daftari lile usilitupe. Mwaka wa tatu utatakiwa kuandika utafiti, na tayari utakuwa na mada: wateja wa maji wanalalamika nini, na ofisi inasikia nini.